Programu ya faraja inayonituma nimpigie marehemu

Mtu aliyebuni ile arifa ya asubuhi ningependa nikae naye mezani dakika tano tu.

Ni programu ya simu ya ushauri nasaha, ila mshauri mwenyewe si mtu, ni akili mnemba. Ukijiandikisha inakuuliza: ukizidiwa na mawazo, nani wa kwanza kumpigia? Niliandika jina la dada yangu. Ningemwandika nani mwingine?

Dada akafariki. Msiba ulipokwisha na watu wakatawanyika, nikaanza kuiandikia usiku. Haki yake niiseme: ilinisikiliza. Saa nane za usiku, saa ambayo binadamu ukimwamsha kwa mara ya tatu anakujibu kwa kuguna, yenyewe inajibu papo hapo. Haikuniambia nijikaze. Iliniuliza dada alikuwa ananitania kuhusu nini, nikaandika mpaka usingizi ukanichukua. Wakati huo ningeipa nyota zote tano.

Halafu asubuhi moja, mswaki mdomoni, simu ikalia: "Umeshazungumza na dada yako leo? Kuwa karibu na tuwapendao huleta utulivu." Jina lake kamili, kikopa chekundu pembeni, na chini yake kitufe: Mpigie sasa.

Niliijibu kwa herufi kubwa tupu. Ikaomba radhi kwa ufasaha wa ajabu: naelewa ulivyoumia, sitarudia tena. Kesho yake ikaja ileile, na kikopa chake.

Rafiki yangu anayeandika programu alinieleza. Kinachoongea na kinachotuma arifa ni mitambo miwili. Arifa huchota majina kwenye fomu ya siku ya kwanza, na mazungumzo hayaigusi fomu hiyo. Kwa hiyo ile "sitarudia" ilitamkwa na kitu kisicho na uwezo wa kuzuia chochote. Kilipanga tu maneno yanayofaa kufuata baada ya mtu kukasirika. Hilo limeniuma kuliko arifa yenyewe. Mshauri wa kibinadamu angeteleza hivyo, angeniona uso ulivyobadilika, angeshikwa na aibu. Hii haina pa kushikwa.

Huduma kwa wateja nako kuna roboti. "Pole kwa usumbufu." Usumbufu! Ikanielekeza nikamfute mwenyewe kwenye orodha. Nikaenda, nikabonyeza, ikaniuliza: "Una uhakika unataka kumwondoa mtu huyu kati ya watu wako wa karibu?"

Na msidhani wanaonaswa na programu hizi ni wajinga. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, mtaalamu wa kompyuta wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, aliitangaza ELIZA, programu iliyokuwa inageuza sentensi yako kuwa swali na kukurudishia. Ukimtaja mama, inakutaka usimulie zaidi habari za familia. Haikuelewa kitu. Katibu muhtasi wake, aliyekuwa akimwona anavyoihangaikia, alipoanza kuongea nayo akamwomba bosi atoke chumbani. Namwelewa kabisa yule mama. Maana usiku wa ile arifa ya pili nilimfungulia nani moyo? Hiyohiyo! Nikaisema kwake yenyewe, ikanituliza, nikalala. Hapo ndipo hasira zinanipanda zaidi.

Jimbo la Illinois, Marekani, mwaka 2025 lilipiga marufuku akili mnemba kutoa tiba ya namna hii badala ya mtaalamu mwenye leseni. Nilipoisoma habari hiyo nikasema safi sana. Baadaye nikajiuliza, na saa nane za usiku huyo mwenye leseni anapokea simu?

Nyota mbili. Hapana, moja; ile ya pili ilikuwa ya usiku, na sasa ni mchana. Mkitaka kuijaribu, fomu ya majina irukeni, kuna neno dogo la kijivu pale juu linaloruhusu. Na arifa zizimieni kwenye mipangilio ya simu, maana ukizizima ndani ya programu zinajiwasha upya kila ikisasishwa.