Curzon na Home: nani alistahili uwaziri mkuu wa Uingereza?

Mei 1923 Lord Curzon, waziri wa mambo ya nje aliyewahi kuwa gavana mkuu wa India, aliitwa London kwa telegramu. Alipanda treni akiamini uwaziri mkuu ni wake. Mfalme George V akamteua Stanley Baldwin. Ulodi wa Curzon, cheo kilichompa kiti katika bunge la malodi, ulimponza, kwani hakuweza kuketi katika bunge la kuchaguliwa.

Alec Douglas-Home, lodi mwingine aliyeteuliwa waziri mkuu mwaka 1963, alibahatika. Sheria ya 1963 ilimruhusu kuvua ulodi, akagombea ubunge Scotland, na kwa takriban wiki mbili Uingereza iliongozwa na mtu asiye na kiti bungeni kabisa! Hakumaliza mwaka madarakani. Kwa uzoefu, namchagua Curzon bila kusita, alionewa.