Utepe wa kupima maji kisimani: mwaka mmoja nikiwa nao, pwani ya Unguja

Nina kisima cha kuchimba kwa mkono Jambiani, kama mita 600 kutoka ufukweni. Kinanywesha nyumba nne na vyumba vitatu vya wageni. Miaka yote tulikuwa tukipima maji kwa kamba na jiwe: unateremsha, ukisikia chubwi unabana kamba kwa vidole pale mdomoni mwa kisima, basi. Mwaka jana pampu za majirani zilipozidi nikaona bora ninunue kile kifaa cha mafundi wa visima. Ni utepe wa mita 30 uliozungushwa kwenye gurudumu, na mwisho wake kichwa cha chuma kama kidole gumba. Kichwa kikigusa maji, umeme wa betri unapita, kengele inalia, taa nyekundu inawaka, unasoma namba. Nilitoa laki nne na nusu, na hakina hata jina la maana.

Kwa kupima kina, sina lawama. Namba ni za milimita na zinasomeka hata kwa tochi ya simu. Mara nyingine kinalia kabla hakijafika, kwa kuwa kichwa kimegusa ukuta wenye unyevu. Kuna kitufe cha kuzungusha ili kisiwe chepesi mno kulia, ukishakizoea yamekwisha. Kinachoudhi zaidi ni utepe kusugua jiwe la mdomoni hadi namba zinafutika. Nimetandika hapo kipande cha mpira wa baiskeli, na nimepaka alama ya rangi mahali pa kusomea, maana ukisomea leo upande huu na kesho ule unapoteza sentimita mbili tatu hivi hivi.

Na kwetu sentimita ni kitu. Huku uwandani hakuna mto. Mvua inazama kwenye matundu ya mawe, na maji matamu yanakaa chini humo yakielea juu ya maji ya bahari, mfano wa mafuta juu ya mchuzi. Hesabu ya wataalamu ni kwamba kila sentimita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari ina wenzake kama 40 chini yake. Kwa hiyo pampu zikiyashusha maji sentimita 10 na zisiyaache yakarudi, chumvi inaweza kupanda kama mita 4 kutoka chini, na wewe juu hujaona kitu.

Hapo ndipo nilipojidanganya. Januari utepe ulisoma mita 7.62 kutoka mdomoni hadi kwenye maji. Februari, kaskazi kali na hata tone la mvua hakuna, ukasoma 7.41. Maji yamepanda! Nikaenda kujisifu kwa shangazi, nikamkuta anafua. Akanionyesha beseni. "Mwanangu, yamepanda yapi? Tazama, sabuni haitoi povu." Nikaonja. Chumvi.

Kumbe siku ile ilikuwa bamvua, siku za bahari kujaa na kutoka kupita kawaida, nami nilipima bahari imejaa. Bamvua la huku bahari hupanda na kushuka karibu mita 4, na mawe yetu yametoboka mno, kwa hiyo kisima nacho kinapumua nayo. Siku ya pili nilikaa na utepe tangu alfajiri hadi magharibi, nikipima kila saa: kutoka 7.42 maji yalishuka hadi 7.70, yakarudi. Tangu hapo napima maji mafu tu, siku ambazo bahari haipandi wala kushuka sana, asubuhi, kabla pampu yoyote haijawashwa, naandika kwenye daftari pamoja na hali ya bahari. Namba za kabla ya hapo nimezipiga mstari.

Kwa hiyo, aliye mbali na pwani anunue hiki hiki, kinamtosha. Wa pwani mwenzangu, ongeza pesa uchukue kile ambacho kichwa chake kinapima na chumvi. Mimi sikujua kama vipo; muuzaji alijua, akanyamaza, labda kwa kuwa dukani alikuwa nacho kimoja tu cha kuuza. Sasa nazunguka na vitu viwili, utepe wangu na kijiti cha kupimia chumvi nilichoagizia baadaye, na maji ya kijiti inabidi niyateke kwa ndoo, kwa hiyo najua ya juu tu.

Betri ilikaa miezi minane. Ukiitoa kila ukimaliza itakaa zaidi. Mimi husahau.