Uzoefu wangu: siku nne Salerno na Amalfi, mwezi wa tano

Nianze na jambo lililotuokolea pesa: ukienda pwani ya Amalfi, kusini mwa Italia, usilale Positano, lala Salerno, alafu hiyo miji ya pwani uiendee kwa boti. Mimi na dadangu (yeye yuko Roma miaka mingi, mimi nilitoka Mombasa kumtembelea) tulikaa siku nne, na kila nikipiga hesabu naona hapo ndo tulifanya la maana. Treni ya kasi kutoka Roma mpaka Salerno ni kama masaa mawili, ukitokea Napoli ni kama dakika 40, na ukishuka steshenini gati haiko mbali, unajiendea kwa miguu.

Siku ya kwanza hatukujua, tukapanda basi la kwenda Amalfi. Ile barabara ilichongwa kwenye jabali karne ya 19, ni nyembamba, upande mmoja ukuta wa mawe upande wa pili bahari iko chini kabisa, kila kona dereva anapiga honi ndefu kumwambia anayekuja asimame. Mandhari mashallah, lakini ukiwa umesimama zaidi ya saa nzima umeshika bomba na mtu mwenye sanduku amekuegemea, hayo mandhari hata huyaoni, dadangu alishuka kichwa kinamzunguka akakaa kwenye ngazi dakika kumi hivi bila kusema neno. Na tiketi ya basi usitegemee kuipata kwa dereva, zinauzwa kwenye yale maduka ya sigara yenye alama ya T, kanunue mapema ya kwenda na kurudi.

Malalamiko yangu ni moja tu. Kuna ajenti wa mtandaoni tuliyemlipa wiki tatu kabla kwa safari ya boti ya siku nzima, asubuhi yake akatuma ujumbe bahari imechafuka hakuna safari. Hapo simlaumu, sisi watu wa pwani tunajua bahari haibishaniwi, lakini pesa zetu zilichukua karibu miezi miwili kurudi na kila tukiandika tunajibiwa subirini. Kesho yake bahari ikatulia tukaenda wenyewe gatini, tukanunua tiketi ya feri ya kawaida pale kibandani, kama yuro kumi na kidogo kila mtu, dakika 35 tuko Amalfi, tena tumekaa juu upepo unatupiga. Feri zinafanya kazi zaidi kuanzia mwezi wa nne mpaka wa kumi, kwa hivyo anayepanga kwenda Januari ajue atarudi kwenye basi.

Na Amalfi inafaa uione kwanza ukiwa baharini. Milima imesimama wima, katikati pana ufa, mji umejibana humo ndani kama umefichwa. Huwezi kuamini mji mdogo vile ulikuwa dola ya wafanyabiashara wa baharini, uko sawa na Pisa, Genoa na Venezia, merikebu zao zikienda Misri na Shamu, na sarafu yao ya dhahabu, tarì, ilifuata robo dinari ya Waarabu. Mwaka 1343 ikaja dhoruba bahari ikameza bandari na sehemu ya chini ya mji. Ile karakana ya kuundia merikebu ingalipo, unaingia ndani unakuta matao ya mawe yamepangana alafu yanakatika ghafla, mengine bahari ilichukua.

Kanisa kuu la Mtakatifu Andrea liko uwanjani, ngazi 62 mpaka mlangoni. Ule uso wake wa mistari mistari na dhahabu juu watu wote wanaupiga picha lakini si wa zamani sana, wa kwanza uliporomoka mwaka 1861 wakajenga huu wakamaliza 1891. Kitu cha kale ni milango yenyewe, ya shaba nyeusi, ilitengenezwa Constantinople karne ya 11 ikaletwa kwa bahari. Mimi nimekulia kwenye milango ya nakshi Mji wa Kale, mlango najua kuuangalia, na pale nilisimama mpaka dadangu akaniita mara mbili. Watu wanaupita tu wanakimbilia ndani.

Alafu kuna Chiostro del Paradiso, ua wa ndani uliojengwa miaka ya 1266 mpaka 1268 kuwa makaburi ya watu wakubwa wa mji. Tiketi haikufika yuro tano, na nasema kwa moyo wangu wote, kama una pesa ya kulipia kitu kimoja tu pwani nzima ile lipia hiki. Nguzo nyeupe nyembamba mbili mbili, juu yake matao yamechongoka na kupishana, tao moja linapita ndani ya lingine kama mtu anasuka mkeka, katikati mitende na jua. Nilikaa kwenye ukuta mfupi nikaweka mkono kwenye nguzo moja, baridi, imelainika kwa mikono ya watu, na nikiangalia zile tao naona kabisa mkono wa Waarabu, nikajihisi niko kwetu. Tulikaa karibu saa nzima. Wavaaji wa kaptura na vifua wazi wajue hili ni kanisa, mimi na mtandio wangu sikuulizwa chochote, ila binti aliyekuwa mbele yetu alipewa kitambaa ajifunike mabega.

Ukipanda juu na barabara kuu mpaka nyumba zinaanza kupungua utafika makumbusho ya karatasi, kinu cha zamani cha karne ya 13. Ufundi huo pia walijifunza kwa Waarabu. Karatasi yao ilitengenezwa kwa matambara ya nguo, si miti, yanatwangwa na nyundo za mbao zinazosukumwa na maji ya mto, nyundo zenyewe zina misumari mbele. Walinipa fremu nikaichovya kwenye pipa la uji mweupe, ukiinua lazima uitikise kidogo maji yachuje sawa, mara ya kwanza yangu ilitoka nene upande mmoja. Yule mama anayeongoza akanishika viganja akanionyesha. Hiyo karatasi ninayo hapa ukutani.

Chakula, kwa sisi tunaochagua, samaki ni wengi na haina shida. Tafuta cuoppo, ni samaki wadogo na ngisi wa kukaanga kwenye karatasi iliyokunjwa vile vile kama ya njugu, unakula unatembea. Malimau yao ni makubwa, marefu, maganda yananukia mpaka mkononi, ila muulize muuzaji kabla hujanunua keki za limau, ile delizia al limone nyingi zina pombe ndani, mimi niliuliza nikaambiwa hii iko nayo nikachukua barafu ya limau badala yake na sikujuta.

Kutoka Amalfi ukitembea dakika kumi hivi unafika Atrani, mji mdogo kuliko yote Italia kwa eneo, watoto wanacheza mpira uwanjani na wazee wako barazani. Hapo ndo tulikunywa chai kwa bei ya watu. Ravello iko juu mlimani, tulipanda kwa basi dogo tukashuka kwa ngazi, zaidi ya elfu moja, magoti yaliuma siku mbili lakini bustani ya Villa Rufolo ina thamani yake, ni jumba la karne ya 13 la ukoo wa wafanyabiashara, na Wagner, yule mtunzi wa opera wa Kijerumani, alipofika 1880 alisema amepata bustani ya ile opera aliyokuwa anaandika. Positano nzuri kutoka kwenye feri, kuba ya vigae vya rangi na nyumba zimepandana, ukishuka ni maduka, na vitanda viwili na mwavuli ufukweni bei yake ilikaribia chumba chetu cha Salerno. Pwani yenyewe kokoto, beba viatu vya maji.

Siku ya nne tulienda Paestum, treni ya kawaida kama nusu saa kusini, na tiketi ya karatasi ya hizo treni igonge kwenye mashine kabla ya kupanda ama utalipa faini. Mahekalu matatu ya Wagiriki, la kale zaidi la kama mwaka 550 kabla ya Kristo, yamesimama uwandani kwenye majani na nguzo zake karibu zote. Tulifika asubuhi mlango unafunguliwa. Jiwe lake kwa karibu lina vitundu vitundu kama matumbawe, na saa tatu jua likilipiga linageuka rangi ya asali. Tulikaa chini hapo tukala mkate na jibini ya maziwa ya nyati tuliyonunua njiani, mpaka mabasi ya wageni yalipoanza kuingia.