Kliniki ya ngozi iliyomtibu mama: nyota nne, na kwa nini sio tano

Naandika hii kwa yeyote ambaye mzazi wake ana uvimbe mguuni usiopona. Mama ana miaka 78, alianza na kitu kama jipu kwenye ugoko, chekundu cha kuelekea zambarau, hakiumi wala hakitoi usaha, wiki chache tu vikawa vitatu. Kule kwa kwanza wakampa antibayotiki mara mbili afu krimu ya steroidi, siku zinakwenda na vyenyewe vinakua.

Hapa daktari wa ngozi alivipapasa tu akasema leo leo tunachukua kinyama cha kupima, na alikata kwa kina mpaka kwenye mafuta, akatueleza huu ugonjwa unakaa chini ndani ya ngozi, ukikwangua juu juu unaweza kuukosa kabisa. Majibu yakaja limfoma ya seli B ya ngozi, yaani saratani ya chembe za kinga iliyoota kwenye ngozi, ile inayoitwa aina ya mguu, adimu na ina kasi, huwapata zaidi wazee hasa kina mama. Nilitaka dawa zianze siku hiyo hiyo jamani, ila wao PET skani kwanza, ile picha ya mwili inayoonyesha saratani ilipo, kuona kama imeingia ndani, moyo ukapimwa maana dawa mojawapo inauchosha, na homa ya ini B pia, kwani kama imelala mwilini, rituximab, dawa nyingine kati ya hizo, inaweza kuiamsha.

Akapigwa R-CHOP, yaani hiyo rituximab pamoja na dawa za kemo za kuua saratani, mara 6, kila baada ya siku 21, mwishoni mionzi ya mguu. Dripu ya kwanza ya rituximab iliingia polepole mno, nesi hakumwacha peke yake, na kabla ya ile dawa nyekundu akamwambia bibi, mkojo utatoka mwekundu, usishtuke sio damu. Asingesema hivyo tungechanganyikiwa usiku ule.

Nyota moja nimeikata kwa sababu ya simu. Walisema joto likifika 38 tupige saa yoyote, tukapiga usiku haikupokelewa, tukakimbilia emajensi na chembe nyeupe za damu, zile za kinga, zilikuwa chini sana. Hiyo namba lazima ipokelewe, mgonjwa wa kemo akipata maambukizi anaweza kuondoka ndani ya masaa!

Sa hivi vinundu vimeisha, yamebaki madoa meusi. Daktari katuambia wazi inaweza kurudi, kwa hiyo kliniki hatukosi, na kila Jumapili mama ananinyooshea miguu nikague kwa tochi.