Filta ya polaraiza ya kubana kwenye simu: kioo safi, klipu dhaifu

Hii ni polaraiza ya duara ya milimita 37, inayofungwa kwa skrubu kwenye klipu ya plastiki ya kubana simu. Niliinunua Luthuli Avenue kwa shilingi 1,800, na nimeitumia miezi minne hapa Nairobi na safarini. Kazi yake ni kukata mng'aro unaorudi kutoka kwenye kioo, maji, majani na ukungu mwepesi. Rangi ya anga unaweza kuikoleza baadaye kwa programu ya kuhariri, lakini kilichofunikwa na mng'aro hakikuingia kwenye picha tangu mwanzo. Kwa sababu hiyo kioo chake nakipa nyota tano. Klipu naipa mbili.

Kabla ya kulipa, omba kalkuleta ya muuzaji. Shika filta juu ya skrini yake, upande wa mbele ukitazama kalkuleta na upande unaokaa kwenye simu ukitazama jicho lako, kisha uizungushe polepole. Polaraiza halisi huifanya skrini nzima iwe nyeusi ikifika pembe fulani, na ukiendelea robo duara tarakimu zinarudi. Ukizungusha mpaka mwisho na hakuna kinachobadilika, hicho ni kioo cha kijivu tu. Usiishike kinyume, maana hata iliyo nzuri ikigeuzwa haitafanya skrini iwe nyeusi.

Inakofaa kuliko kwingine kote ni kwenye treni ya SGR ya Nairobi hadi Mombasa. Madirisha ya mabehewa hayafunguki, kwa hiyo ukipiga picha ya Tsavo unapata ndovu mwenye viti na shati lako mgongoni. Wengi huweka simu ikitazama kioo moja kwa moja, na hapo filta haisaidii kitu. Mng'aro wa kioo hukatika vizuri ukiutazama kwa mshazari: geuza simu hadi lenzi ifanye pembe ya nyuzi 30 hadi 40 na uso wa kioo, ndipo uzungushe filta huku ukiangalia skrini. Kuna mahali ambapo kiti kinafifia mpaka kinatoweka kabisa. Simama hapo. Mabaki ya mwanga kutoka ndani yazuie kwa leso au koti jeusi.

Vioo vingine havipatani nayo. Dirisha la ndege lina plastiki, na polaraiza huichora rangi za upinde wa mvua katikati ya mawingu. Vioo vya pembeni vya magari vimekazwa kwa joto, hivyo ndani ya van ya kitalii utaona mabaka meusi yaliyojipanga kama madoa. Hilo si kosa la filta wala la simu. Shusha kioo, au piga kupitia paa lililoinuliwa.

Kuhusu anga, Nairobi ina bahati yake. Filta hukoleza zaidi sehemu ya anga iliyo nyuzi 90 kutoka kwenye jua. Sisi tuko takriban nyuzi moja kusini mwa ikweta, na mwezi Machi na Septemba jua la adhuhuri linakuwa karibu utosini. Maana yake ni kwamba ukanda wa buluu iliyokolea unazunguka upeo wote: ukiwa Uhuru Park saa sita na nusu, jumba la mikutano la KICC na majengo ya Upper Hill yote yanapata anga zuri, ugeuke utakako. Asubuhi saa moja mambo ni tofauti. Jua liko chini mashariki, kwa hiyo elekea kaskazini au kusini. Ukielekea mashariki au magharibi hutaona tofauti. Njia rahisi ni kuelekeza kidole cha shahada kwenye jua, kunyoosha kidole gumba kiwe kama herufi L, kisha kuzungusha mkono. Kila kinapopita gumba ndipo anga linapokolea. Panorama iache, kwa sababu anga litatoka na doa jeusi upande mmoja na weupe upande mwingine.

Sasa klipu. Simu yenye kamera tatu hubadilisha lenzi bila kukuuliza ukivuta karibu au ukisogelea ua, na filta imefunika moja tu. Dalili yake ni mng'aro kurudi ghafla kwenye skrini. Baki kwenye 1x, yaani bila kuvuta karibu, na uzime makro ya otomatiki, ile hali ya kupiga vitu vya karibu sana. Vua kava, kwa sababu kava nene huacha mwanya, mwanga unaingia nyuma ya filta na picha inakuwa na weupe kama wa maziwa. Mpira wa ndani ya klipu yangu ulilainika, ikaanza kuteleza na kuacha mwezi mwandamo mweusi kwenye kona ya picha. Kipande cha tyubu ya baiskeli kilichogundishwa ndani kimeishikilia hadi leo. Na kila unapolaza simu iliyokuwa wima, zungusha filta upya.

Kwa nyuso, uwe mwangalifu. Ngozi nyeusi hupata umbo lake kwenye mng'aro wa paji la uso, mashavu na pua. Ukiukata wote uso unakuwa bapa, kama umepakwa masizi. Mimi huzungusha hadi jasho lipungue, na kuacha mng'aro kiasi. Kivuli cha macho cha saa sita haiwezi kukiondoa. Msogeze mtu chini ya mti.

Filta hubakiza nusu hadi robo ya mwanga tu, na simu hufidia kwa kuchelewesha shata au kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga. Juani huoni tofauti, lakini ndani ya makumbusho picha inajaa chengachenga. Huko na usiku ivue, uifunge kwenye kitambaa cha kufutia miwani, kisha ufute lenzi ya simu yenyewe, maana klipu huacha alama ya mpira pembeni mwake.