Duka la miswaki na nafaka, Malindi mjini: cha mizani nunua, cha chupa kiache

Ukipita Msikiti wa Juma, ule wenye makaburi ya nguzo, ukaingia vichochoroni kama unayeelekea sokoni, utakuta mlango wa bluu usio na kibao. Nje pana gunia la wimbi na ndoo ya miswaki. Duka halina jina. Wenyeji twasema "kwa Bi", na hata boda ukimwambia hivyo atakufikisha.

Nina mimba ya miezi sita, ya pili hii, na vitu vingi vya jikoni kwangu vimetoka pale. Wenzangu wa kliniki huniuliza kama kweli dawa za Bi zaponya meno. Jibu langu ni hili: anachouza kwa fungu au kwa mizani, nunua bila wasiwasi, ukiacha vichache nitakavyovitaja. Anachochanganya mwenyewe akakitia chupani, kiache papo hapo rafuni.

Miswaki ndiyo iliyonipeleka kule mara ya kwanza, na bado sijaona ya kuishinda hapa mjini. Ni mizizi hasa, si vijiti vya matawi, ya ule mti ambao wataalamu huuita Salvadora persica, unaomea hata kwenye ardhi ya chumvi. Bi huifunika kwa gunia bichi, na kila asubuhi huinyunyizia maji. Mmoja shilingi 20, mitatu 50. Ile ya pakiti inayotoka Pakistan utaipata madukani kwa bei ya juu zaidi, na mara nyingi imekwisha kukauka.

Usichukue wa juujuu tu kwa kuwa umekaa vizuri. Upinde kidogo: mbichi hukunjika, mkavu hulia "ta!" ukakatika. Ambua ganda kwa ukucha, kiasi cha sentimita moja, ndani uone weupe wa maziwa, na harufu ikupande puani kwa ukali ule wa haradali. Ukiutafuna polepole, nyuzi zafunguka kama kumbi la nazi lililopondwa, laini lakini zina nguvu. Ukiona nyuzi zakatika vipandevipande na kukuchoma fizi, urudishe. Bi hubadilisha bila maneno, ingawa atakutazama.

Kwa mjamzito mswaki huu una faida moja ambayo sikuwahi kuisoma kwenye pakiti yoyote: hauna povu. Miezi ile ya kichefuchefu dawa ya meno ilikuwa ikigusa ulimi tu, nimekwisha kukimbilia bafuni. Mswaki wa mti niliuweza, tena baada ya kila sala, nikiwa nimekaa barazani. Na fizi zilihitaji kweli. Homoni za mimba huzifanya zivimbe na kutoka damu kwa ukoga mdogo tu ambao zamani usingezisumbua. Wengi wakiona damu huacha kupiga mswaki, ukoga ukazidi, na damu ikazidi. Dawa yake ni kusafisha zaidi, ila kwa upole.

Shirika la Afya Duniani liliupendekeza mswaki wa mti mwaka 1986 kwa watu ambao ni desturi yao, kwa hiyo asikucheke mtu kwamba wewe ni wa kizamani. Lakini una mipaka. Upande wa ndani wa magego haufiki vizuri, hata uuzungushe vipi. Mimi usiku natumia brashi na dawa yenye floraidi, mchana mswaki. Ile ncha iliyotumika ikate kila siku uambue mpya. Nimeona mtu ametembea na ncha moja mfukoni wiki nzima, imekuwa rangi ya chai, kisha alalamika mdomo wanuka.

Sasa nafaka. Wimbi la Bi ni zito, jekundu, halijachanganywa na mahindi wala mihogo kama unga mwingine wa "uji wa lishe". Gramu 100 za wimbi zina kalisiamu ya miligramu 300 na zaidi, na mjamzito mtu mzima ahitaji kama miligramu 1,000 kwa siku, basi hesabu mwenyewe. Simsim isiyokobolewa ni tajiri hata kulishinda wimbi. Naikaanga kavu, naitwanga na chumvi kidogo, nanyunyizia mtsunga, ile mboga chungu ya kwetu pwani. Dagaa anauza kwa kikombe, wakavu, hawana unyevu. Uwale na mifupa yao, maana kalisiamu imo mifupani. Papa mkavu yupo pia na ananukia vizuri mno, lakini samaki mkubwa kama papa hukusanya zebaki, ambayo ni sumu, mwilini, na kwa mwenye mimba si wa kula kila mara. Mimi nimemwacha kabisa, na mume wangu anashukuru kwa kuwa fungu lote lamwangukia yeye.

Lawama yangu kwa wimbi ni mchanga. Upo. Lipepete, lioshe maji mawili au matatu, lianike, ndipo upeleke kusaga. Nilimwambia Bi mbele ya wateja, naye akanijibu, "Mwanangu, wimbi limetoka shambani, halikutoka mbinguni." Haya.

Siku nyingine nilikuwa nikipimiwa simsim, akaniuliza kama meno yangu yote yapo.

"Yapo, bibi."

"Subiri. Kila mtoto huondoka na jino la mamake."

Nikamwambia mtoto hachukui kalisiamu kutoka kwenye meno. Huichukua kwenye chakula cha mama, na kikipungua, huichukua kwenye mifupa. Meno yanayong'oka wakati wa mimba yameharibiwa na ukoga, sukari na matapishi. Akanionyesha pengo lake la mbele, akasema, "Aliyeondoka na hili yuko Mombasa, ameajiriwa bandarini. Nenda kamwambie yeye." Mjadala ukaishia hapo, nikalipa.

Matapishi basi, kwa kuwa hilo halisemwi sana. Asidi ya tumboni hulainisha ngozi ya juu ya jino. Ukitapika kisha ukapiga mswaki hapo hapo, unaikwangua. Sukutua kwanza kwa kikombe cha maji chenye kijiko kidogo cha soda ya kuokea, subiri kama nusu saa, ndipo upige. Soda hiyo Bi anayo, pakiti ndogo za dukani zenye muhuri, na ndicho kitu rahisi kuliko vyote pale.

Mabuyu mekundu ya kwenye mtungi yatazame tu. Najua hamu ilivyo. Lakini ni sukari na ukali pamoja, na yanaganda kwenye magego ukiyamung'unya saa nzima. Chukua ubuyu mweupe usiotiwa kitu, upo gunia la ndani ukiuliza, ukoroge maji unywe na mboga za majani. Vitamini C yake husaidia mwili kupata madini ya chuma yaliyo kwenye mboga. Chai, kinyume chake, huyazuia, basi isogeze mbali na chakula na mbali na vidonge vya damu vya kliniki. Chumvi yake ya mawe, anayosema ni ya Gongoni, yafaa kusukutulia. Ya kupikia nunua ya pakiti iliyotiwa madini ya joto, mtoto anayahitaji kwa ubongo wake.

Kuna jambo lililonifanya nimheshimu. Nilitaka uwatu, akakataa kuniuzia. "Huo wa kuleta maziwa. Zaa kwanza, njoo arubaini, nitakupa na pilipili manga ya uji." Yuko sawa: uwatu mwingi haushauriwi kabla ya kujifungua kwa kuwa waweza kuchochea tumbo la uzazi. Muuzaji anayekataa pesa yako mkononi si wa kumpata kila duka.

Lakini huyo huyo anauza udongo wa kula, tena ameuweka karibu na mlango, macho yafike. Hapo sikubaliani naye kabisa. Udongo husaga meno, hupunguza chuma mwilini, na baadhi yake una madini ya risasi, ambayo ni sumu. Anajitetea kwamba wake ameuoka. Moto huua mayai ya minyoo, sawa, lakini hauondoi risasi. Ukiona hamu ya udongo imekushika, waambie kliniki wakupime damu, maana mara nyingi huambatana na upungufu wake.

Na zile chupa. Moja ni unga wa mkaa, chumvi na karafuu, "wa kung'arisha". Niliusugua kati ya vidole viwili nikasikia ukwaruzo wake. Kitu hicho ukikipitisha menoni kila asubuhi kitakula ngozi ya jino, na ikishaliwa hairudi. Nyingine ni mafuta ya karafuu, hayana maandishi wala kipimo. Karafuu yenyewe hutuliza maumivu kweli, ni kazi ya eujenoli iliyomo, lakini mafuta matupu huchoma fizi, na hayaponyi tundu. Kama jino lauma, ng'ata karafuu moja nzima usiku huo, kukipambazuka uende kwa daktari wa meno. Kama shavu limevimba, usingoje kupambazuke.

Watu waogopa daktari wa meno wakiwa na mimba. Mimi nimesafishwa meno mwezi wa tano wa mimba hii, nikatoka na njaa tu. Sindano ya ganzi hutumika kwa wajawazito, na miezi ya katikati ndiyo mizuri kwa sababu kichefuchefu kimepoa na tumbo halijawa zito la kukulazia chali. Waambie tu mapema kuwa una mimba, wajue dawa za kukuandikia.

Bi hufungua jua likichomoza, hufunga adhuhuri, hurudi baada ya alasiri. Ijumaa usijisumbue kabla ya saa tisa. M-Pesa anapokea, kwa simu ya mjukuu, na mjukuu akiwa shule uje na pesa za mkononi, tena ndogondogo. Beba mfuko wako. Kiti cha mjamzito kipo nyuma ya mizani, chini ya feni. Usione haya kukiomba, ndiyo kazi yake. Ramadhani ikikaribia wimbi huisha kwa sababu ya uji wa futari, kwa hiyo mwambie mapema akuwekee kilo zako pembeni, na umkumbushe.