Antivairasi ya kulipia kwenye simu: nimetumia mwaka, sihuishi

Kifurushi changu cha mwaka cha antivairasi ya simu kimeisha na sijakihuisha. Jina la kampuni nalihifadhi. Natumia Android ya bei ya kati, na hela zangu zote zinapita humo: benki, laini mbili za miamala, mpaka michango ya kikoba. Ndiyo maana nililipia bila kujiuliza sana.

Sifa yake kwanza. Inazuia linki za kitapeli. Ulikuja ule ujumbe wa "mzigo wako umekwama, lipia ada", nikaifungua linki makusudi nione, ikaniwekea ukurasa mwekundu kabla fomu haijatokea. Hapo nilisema ahsante.

Mengine simu inayo tayari. Play Protect ya Google ipo tangu 2017, bure, na inakagua hata programu ulizozitoa nje ya Play Store. Simu ikipotea, Google wana huduma yao ya kuitafuta. Halafu wauzaji hawakwambii kwamba kwenye Android kila programu inafanya kazi ndani ya mipaka yake, haichungulii ya mwenzake bila ruhusa, na antivairasi nayo imebanwa hivyohivyo. Kwenye iPhone ndiyo kabisa: haiwezi kukagua programu nyingine, kwa hiyo unachouziwa ni VPN (huduma ya kupitisha intaneti yako kwa njia iliyofichwa) na kichujio cha linki.

Kero yangu kubwa ni arifa. "Simu yako ina hatari 3!" Unafungua mbio: Wi-Fi ya mgahawa haina neno la siri, una picha zinazojirudia, na hujanunua VPN yao. Picha zinazojirudia ni hatari gani, jamani?

Na usidhani mlinzi hana macho. Mwaka 2024 FTC, tume ya Marekani inayolinda walaji, iliitaka kampuni ya antivairasi ya Avast ilipe dola milioni 16.5 kwa kukusanya taarifa za kurasa ambazo watumiaji wake walitembelea na kuziuza kupitia kampuni yake tanzu, Jumpshot.

Kinachotuumiza hapa Dar ni kingine. Mama mdogo wangu wa Tabata alitumiwa WhatsApp faili la "Kadi ya mwaliko", mwisho wake .apk, yaani si kadi bali programu ya kusakinisha. Akanipigia: "Mwanangu, mbona kadi yenyewe haifunguki, inaniuliza maswali tu?" Nikamuuliza maswali gani. Inataka kusoma meseji, na inataka iwashiwe Zana za Ufikivu. "Ma'mdogo, kadi ya harusi isome meseji zako za nini?" Kicheko, tukaifuta. Ila ruhusa hizo mbili si mchezo: ya kwanza inasoma namba za uthibitisho za benki, ya pili inaweza kusoma kilichopo kwenye kioo na kubonyeza vitufe kwa niaba yako. Play Protect ilikuwa imeshamwonya, yeye akabonyeza kuendelea kwa sababu kadi imetoka kwa shemeji. Ningemwekea antivairasi ya kulipia, angeipita vilevile.

Wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii" ndiyo hawahitaji hata programu. Ujumbe wao naupeleka 15040, namba ya kuripoti matapeli, na mara mojamoja napiga *106# kuona kama kuna laini nisiyoijua imesajiliwa kwa kitambulisho changu.

Hela ya kuhuisha nimeiweka kwenye mchango wa simu mpya ya mama mdogo. Ya sasa hivi, ukiingia mipangilio, sasisho la mwisho la usalama ni la 2021, na matundu ya mfumo hayazibwi na antivairasi, yanazibwa na mtengenezaji. Samsung wameahidi miaka 7 ya masasisho kwa Galaxy S24. Simu nyingi za bei ya chini hazifiki nusu ya hapo. Kwa hiyo tukienda Aggrey, kamera tutaiuliza baadaye. Kwanza muuzaji atuambie masasisho yanakoma lini, na akisema "hii haina shida, mama", tunahamia duka la pili.